Sura ya Kumi na Moja: Nipe Tusi Langu Lote

Mama aliteremka garini saa nne asubuhi akiwa amevaa viatu vyake vya msibani, nikajua leo kazi ipo.

Viatu vile vyeusi vya kisigino kifupi huvivaa siku mbili tu: siku ya kuzika na siku ya kukataa posa. Mbele ya geti la kambi hapakuwa na jeneza. Nikajifuta jasho la viganja kwenye sketi, nikamwendea nikitabasamu meno yote nje.

"Shikamoo mama. Umesafiri salama?"

"Marahaba. Yuko wapi?"

"Nani tena, mama?"

"Usinichezee, nimeamka saa kumi. Yuko wapi huyo bubu wako?"

"Kiziwi, mama, si bubu. Tena anaongea kuliko mimi."

"Kuliko wewe?" Akaniangalia kuanzia juu mpaka chini. "Basi Mungu atuhurumie."

Kambi yetu ni shule ya bweni iliyofungwa kwa likizo. Wanafunzi wenyewe wakishakwenda kwao, watoto sitini viziwi huingia na masanduku yao kwa wiki mbili za kuogelea, kuchora, kucheza mpira na kugombana kwa mikono. Mimi nasikia, nasikia hata nisiyotaka. Ni mkalimani wa lugha ya alama. Mwaka mzima nazunguka hospitali na mahakama, na likizo nakuja hapa kupumzika, yaani kufanya kazi ileile kwa kelele zaidi. Maana msidanganyike, watoto viziwi wana kelele! Wanaburuta viti, wanapiga meza, wanacheka mpaka vioo vinatetemeka, na hakuna wa kumwambia mwenzake punguza.

Jina la hapa hupewi na wazazi, unapewa na watoto, kwa mkono, na huruhusiwi kukata rufaa. Langu ni vidole vinavyofunguka na kufunga karibu na mdomo: Kasuku. La mwalimu wa kuogelea ni kidole kinachozungushwa shavuni: Kishimo. Ana kishimo kimoja tu, shavu la kushoto, kana kwamba Muumba alikuwa akimpamba akaitwa kwenda kula. Miezi mingine ni seremala, anatengeneza vitanda na milango. Likizo anavua shati na kufundisha watoto kuelea, na mimi najifanya nahesabu taulo.

Nilishaolewa mara moja, nisiwafiche. Mume wangu alikuwa mshereheshaji wa harusi, sauti tamu mpaka mabibi harusi wenyewe walikuwa wanamtunza yeye. Mwaka wa nne akaondoka na msimamizi wa bibi harusi mmoja, huku mimi nikiwa nimemshikia koti. Nikarudi kwa mama na begi moja. Mama hakuniuliza kitu. Alinitandikia kitanda, akakaa nje ya mlango wa chumba changu siku tatu akijifanya anachambua mchele. Kwa hiyo mwenzenu siwezi kuolewa tena nyuma ya mgongo wake. Na Kishimo naye alikwisha kusema, "Sitakuoa kwa mlango wa uani. Mama yako akubali akiwa ananitazama usoni, au basi."

Au basi. Hayo maneno mawili yaliniondolea usingizi wiki nzima.

Halafu akaongeza, "Jumamosi wazazi wakija, nitaongea naye. Utatafsiri wewe. Neno kwa neno."

Hapo ndipo nilipofanya kosa. Kazi yetu ina sheria moja ambayo mtu hufundishwa siku ya kwanza, kabla hata ya kuonyeshwa choo kiko wapi: jambo likiwa lako, unatoka, unampa mwenzako. Nilikuwa naijua kama ninavyolijua jina langu. Lakini alinitazama kwa kile kishimo chake, mikono yangu yenyewe ikajibu: "Sawa."

*

Niliwakalisha kwenye kibaraza cha bwalo, chai mezani. Kishimo alikuja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi upande wa mbele tu. Akainama, akaweka mkono kifuani, akamsalimu mama kwa heshima zote.

"MARAHABA!" mama akapaza sauti mpaka kunguru wakaruka.

"Mama, hasikii. Hata ukipiga kelele."

"Najua hasikii. Mdomo umetoka wenyewe." Akamkagua kijana wa watu kama anayenunua shuka. "Mzuri wa sura, nakubali. Haya, muulize. Mtoto akilia, yeye atamsikia kwa nini? Kwa pua?"

Mama yangu ni mkunga mstaafu. Miaka thelathini na mbili alifanya kazi ya kungojea kilio cha kwanza. Nilielewa swali lilikotoka. Lakini liliponifika mikononi, vidole vikagoma.

"Mama anauliza," nikasema kwa mikono, "kama unapenda watoto."

Uso wa Kishimo ukang'aa. "Sana! Nataka wanne. Watano, kama na wewe upo."

"Anasema," nikamgeukia mama, "ni swali zito, na analifikiria."

"Alifikirie kweli. Na umwambie sikulea binti ili niwe na mkwe ninayeongea naye kama ninafukuza nzi." Mama akapunga mkono mbele ya pua kuonyesha. "Mbele ya watu! Nikimtuma chumvi nimrushie jiwe kwanza?"

"Mama anasema amefurahi kukuona."

Kishimo akageuka. Alimtazama mama: midomo iliyobana, nyusi zilizokutana katikati, mkono uliokuwa bado unafukuza nzi. Kisha akanitazama mimi, polepole, mpaka nikatamani meza ile inimeze.

"Hii ndiyo sura ya mama yako akifurahi?"

"Ni... mchovu wa safari."

"Nina miaka thelathini na minne," akasema, mikono yake imetulia kupita kawaida. "Sura za watu ndizo redio yangu. Unadhani sijui kusoma?"

Akasimama, akamwinamia mama kwa adabu ileile, akaondoka zake.

"Ameenda wapi?" mama akauliza.

"Bwawani. Kuna watoto."

"Hm," mama akasema, akavuta kikombe chake.

*

Nilimfuata mbio. Alikuwa ameshafika ng'ambo ya bwawa, na katikati yetu maji, na kwenye ukingo watoto kama ishirini wamevaa nguo za kuogelea, wakingoja zamu zao. Wasikiaji wakigombana mbali mbali hupaza sauti. Sisi hupanua mikono. Nikapanua.

"Subiri! Nilitaka kukukinga!"

"Kunikinga na nini?" Mikono yake ilikata hewa. "Na mama mkwe? Kila mwanamume duniani ana mama mkwe anayemchukia! Nipe wangu!"

"Maneno yake yalikuwa mabaya."

"Ni mabaya yangu! Nimewekewa mimi! Nimekuona hospitalini unamwambia mtu kwamba mkewe hataamka, machozi yanakutoka, na hukubadilisha neno. Nimekuona mahakamani unatafsiri matusi ya kiziwi mlevi mpaka karani akaziba masikio. Wageni wote unawapa ukweli. Mimi tu ndiye unanitafunia chakula kama mtoto asiye na meno."

"Nakupenda, ndiyo maana..."

"Usinipende hivyo! Nipende na matusi yangu. Nipe tusi langu lote, zima, nilijibu mwenyewe!"

Nikashusha mikono. Mimi, Kasuku. Na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho mtu wa kambi yetu hapaswi kukisahau: vichwa ishirini vilivyolowa vinageuka kwake, vinageuka kwangu, vinageuka kwake, kama wanaotazama mpira wa meza. Tulidhani tunagombana faragha. Tulikuwa tunagombana kwa kipaza sauti.

Binti mmoja wa miaka kumi, aliyepewa jina la Kiherehere na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini, akainua mkono kwa adabu kama yuko darasani.

"Kasuku ndiye mwenye kosa," akatoa hukumu. Wengine kumi na tisa wakaitikia kwa vichwa. Halafu akaendelea, "Mama yake alisema nini hasa?"

"Ndiyo!" Kishimo akadakia kutoka ng'ambo. "Alisema nini hasa?"

Nikavuta pumzi. Nikaipa mikono yangu uhuru wake.

"Aliuliza mtoto akilia utamsikia kwa pua. Na alisema hataki mkwe wa kuongea naye kama anafukuza nzi. Na kwamba akitaka chumvi itabidi akurushie jiwe."

Watoto walishika vinywa. Kishimo alisimama ukingoni, maji yakicheza miguuni mwake. Nikajua nimemuua. Kisha mabega yakaanza kutikisika. Akainama, akashika magoti, na kile kicheko chake kisichojua sauti yake kikapasua uwanja mzima mpaka wazazi waliokuwa chini ya turubai wakasimama kutazama.

"Jiwe!" akasema, akifuta macho. "Mwanamke huyu nampenda. Nirudishe kwake."

"Si mimi," nikasema. "Mimi nimeshaharibu. Ngoja nitafute mtu."

*

Mkuu wa kambi ni mzee wa ndevu nyeupe, mtoto wa wazazi viziwi, na ndiye aliyenifundisha kazi. Anatafsiri kila kitu, msiba au harusi, kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya treni. Nilimkuta stoo akihesabu makoti ya kuokolea watu majini.

"Nimevunja sheria ya kwanza," nikamwambia.

"Najua. Watoto walishapita hapa kunipa habari." Akaweka kalamu chini. "Na mama yako umemwambia?"

Nikaenda kumwambia. Niliongea nikitazama viatu vyake vya msibani.

"Mama, nilichokuwa nakutafsiria... nilibadilisha."

"Unadhani sikuona? Nimesema maneno marefu kama mkeka, wewe ukatikisa vidole viwili." Akasukuma kikombe. "Nilikuwa nangoja nione utafika wapi na uongo wako. Kijana ndiye aliyekasirika. Hapo tu ndipo alipoanza kunipendeza, lakini usimwambie."

Tukakaa tena, safari hii wanne. Mkuu akaniamuru nikalie mikono yangu, nami nikaikalia kweli, chini ya mapaja, kama mtoto aliyeiba sukari. Kishimo akaanza. Mkuu akatoa sauti.

"Mama, shikamoo tena. Nampenda binti yako."

Mama akaruka. "Na wewe, mzee?!"

"Ni yeye," mkuu akasema, hana habari. "Nikisema mimi, ni yeye. Ndivyo kazi ilivyo."

"Basi sema 'yeye'! Watu wanapita hapo, watatuelewaje?"

"Haiwezekani. Nampenda binti yako," mkuu akaendelea palepale alipokatizwa, "anavyocheka mpaka anakosa pumzi, na anavyohesabu taulo ambazo hazijawahi kutimia. Nataka kumuoa. Nimeambiwa swali lako la pua. Ni swali zuri, nitalijibu. Mama yangu pia ni kiziwi. Alitulea wanne. Tulipokuwa wachanga alilala ameshika mguu wa mtoto kiganjani. Mtoto akianza kulia, mguu huanza kabla ya mdomo."

Nilimwona mama akisogea mbele kwenye kiti. Hakuwa mama mkwe tena, alikuwa mkunga.

"Mguu upi? Unaolaliwa au wa juu?"

"Wa juu."

"Na akiwa amefunikwa?"

"Soksi haivalishwi. Anafunikwa mpaka kwenye goti tu, na chumba kinapashwa moto."

"Hm." Mama akageuza kikombe kwenye kisahani mara mbili. "Wanne wote walikua?"

"Mdogo wetu ni dereva wa lori. Anakula kama lori."

Mdomo wa mama ulitaka kucheka, akaukatalia. Akakaza uso, na safari hii alichosema hakukielekeza kwa mkuu wala kwangu. Alimtazama Kishimo moja kwa moja.

"Sikiliza, kijana... aa, tazama. Mume wake wa kwanza nilimchagua mimi. Huyu mwanangu alikuwa hamtaki sana. Mimi ndiye niliyesikia ile sauti, nikasema mtu anayeongea vizuri hivi hawezi kuwa mbaya. Nikamkabidhi mwanangu kwa masikio yangu mwenyewe. Aliporudi na lile begi, nilikaa nje ya mlango wake siku tatu, nikiogopa hata kugonga." Sauti ikamkwama. "Kwa hiyo usidhani nakukataa wewe. Najikataa mimi. Naogopa kuchagua."

Mkuu alitafsiri yote, hakuacha hata pale sauti ilipokwama. Aliituliza mikono hewani kwa muda uleule. Mimi nilikuwa nimekalia mikono yangu na machozi yananitiririka mpaka kidevuni, sina cha kuyafutia.

Kishimo akauliza, taratibu.

"Mama, miaka thelathini na mbili umepokea watoto. Ni yupi aliyekuogopesha kuliko wote?"

"Asiyelia," mama akajibu bila kufikiri. "Anayepiga kelele huyo mzima, unamfuta unamkabidhi. Ni yule anayetoka kimya ndiye anayekusimamisha moyo."

"Na huyo ulimjuaje hali yake? Hakuna sauti."

"Unamtazama. Rangi ya midomo, kifua. Unamshika, unamsugua mgongo, unasikiliza kwa..."

Mikono ya mama ilikuwa imeinuka mbele yake yenyewe, viganja juu, imebeba mtoto ambaye hakuwepo. Akaitazama kama kwamba ni mara ya kwanza anaiona.

"Unasikiliza kwa nini, mama?" mkuu akatafsiri kwa ile sauti ya ratiba ya treni, lakini naapa hata yeye ilimtetemeka.

"Kwa mikono," mama akasema polepole. "Kwa macho na mikono."

"Wangapi ulishawarudisha hivyo?"

"Wengi. Sikuwahesabu. Wengi."

Kishimo hakusema zaidi. Mtu mwingine angesema, angepigilia msumari, mimi mwenyewe ningehutubia mpaka jioni. Yeye aliiacha mikono yake mezani, imefunguka, akamtazama tu.

Mama akasimama. Akazunguka meza na vile viatu vyake, ko, ko, ko. Akamshika Kishimo kidevuni kwa vidole viwili, akamgeuza uso kwenye mwanga, shavu moja, shavu la pili, kama anavyomkagua mtoto mchanga kabla hajamwandika kwenye daftari kwamba ni mzima. Kisha akajaza kifua pumzi.

"KARIBU NYUMBANI!" akapiga ukelele, na sijui kama kuna mtu wa mtaa ule ambaye hakualikwa.

Mkuu akainua mikono kutafsiri. Kishimo akamzuia.

"Hiyo nimeipata," akasema.

Nilipogeuka, madirisha yote ya bwalo yalikuwa yamejaa watoto, pua zimebanwa kwenye vioo, na mikono mia na ishirini inapepea juu ya vichwa vyao kwa nguvu zote. Ndivyo wanavyopiga makofi. Sijawahi kuona shangwe kubwa namna ile.

"Naweza kutoa mikono yangu sasa?" nikamuuliza mkuu.

"Hapana," mama akajibu badala yake. Akachukua mkoba wake, akamwashiria Kishimo kwa kichwa: twende. "Ananisindikiza kwenye gari. Peke yake."

"Lakini mama, mtaelewanaje? Ngoja nije..."

"Wewe kaa hapo. Ulikuwa na nafasi yako ya kutafsiri, umeitumia vibaya."

Wakaondoka wawili kupita uwanja wa mpira. Nilisimama kwenye ngazi za kibaraza nimerefusha shingo yangu yote. Mama alikuwa anaongea, bila shaka alikuwa anaongea, nilimwona kwa mabega. Katikati ya uwanja akasimama, akaonyesha kitu kwa mikono, kikubwa, cha mviringo. Kishimo akajibu kwa kitu kirefu. Mama akatikisa kichwa, akamrekebisha. Wakabishana. Karibu na geti akamchoma kidole kifuani mara tatu, naye akainama akaitikia mara tatu, kisha wote wawili wakageuka, wakanitazama mimi kwa pamoja, wakacheka mpaka mama akamshika mkono asianguke.

Miaka tisa nalipwa kuelewa kila mtu anachomwambia mwenzake. Siku ile sikuambulia hata neno moja, na nilikuwa na furaha tele. Nikakaa chini, pale pale kwenye ngazi.

Alirudi peke yake, anakimbia, shati limetoka kwenye suruali. Nikaruka nikamkuta njiani. Aliniinua juu mbele ya kambi nzima, akanizungusha, akaniweka chini, na kabla sijapata hata pumzi nikaanza kuuliza kwa mikono miwili.

"Amesema nini? Hicho cha mviringo ni nini? Mlikuwa mnanicheka nini? Nipe yote, neno kwa neno!"

Kishimo akanitazama, akifaidi.

"Pole," akasema. "Hayo ni mambo ya mimi na mama mkwe wangu."